Z-skani, miale miwili, miale minne au unga: ipi inafaa sampuli yako?

Wanafunzi wa masters wa fizikia na kemia wanauliza sana hili swali, nitumie mbinu gani kupima n2 ya sampuli yangu (yaani mwanga mkali unabadilisha kiasi gani namna sampuli inavyopinda mwanga), na wengi wanajibiwa neno moja tu, Z-skani, basi mtu anaondoka zake bila kuulizwa swali la kwanza kabisa: una leza gani? Maana kwenye kazi hii leza ndo inaamua, mbinu inafuata nyuma. Ukichagua mbinu kabla hujajua palsi zako (vipande vifupi vya mwanga) zina urefu gani na zinakuja ngapi kwa sekunde utapata grafu nzuri tu, ila hutajua umepima nini.

Kwa wageni wa mambo haya, kwa haraka. Mwanga wa kawaida ukipita kwenye kioo au kimiminika unapinda kwa kiasi kilekile uwe hafifu uwe mkali. Leza ikiwa kali sana ile namba ya kupinda mwanga inaanza kufuata ukali wenyewe, yaani n0, ile ya kawaida, inaongezewa kipande cha n2 mara ukali. Ufyonzaji nao hivyohivyo, unaongezewa kipande kinachoitwa beta. Hiyo ndo optiki nonlinia ya daraja la tatu, na n2 ni ndogo vibaya sana: silika safi iko kama 2.5 × 10⁻²⁰ m²/W kwenye mwanga wa karibu maikromita 1, na kaboni disalfaidi, ambayo dunia nzima inaitumia kulinganishia, iko kama 3 × 10⁻¹⁸ m²/W kwa palsi za pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) kwenye 532 nm. Ziandike hizo namba mbili ukutani kwa maabara, zitakuambia kama matokeo yako yana akili.

Tuanze na Z-skani yenyewe. Ilitoka 1989 kwa Mansoor Sheik-Bahae, Ali Said na Eric Van Stryland, halafu 1990 wakatoa maelezo marefu pamoja na Tai-Huei Wei na David Hagan, na sababu ya kupendwa kwake iko wazi, vifaa ni vichache. Mwale mmoja, lenzi moja, steji ya kusogezea sampuli, tundu dogo mbali huko mbele na ditekta nyuma ya tundu. Unasogeza sampuli kidogokidogo kupitia fokasi (pale lenzi inapoubana mwale uwe mwembamba kabisa), inapokuwa karibu na fokasi mwanga unakuwa mkali na sampuli inageuka lenzi dhaifu. Kama n2 ni chanya, sampuli ikiwa kabla ya fokasi inaukusanya mwale mapema, kwa hiyo ukifika kwenye tundu umeshatanuka na mwanga unaopita unapungua, ikivuka fokasi inakuwa kinyume chake. Grafu inaanza na bonde kisha kilima. Ukiona kilima kimetangulia ujue n2 ni hasi. Ukitoa tundu ukakusanya mwanga wote unapata beta. Yaani kifaa kimoja, ishara ya n2 unaiona kwa macho, ukubwa wake unaupata kwa kikokotoo: tofauti ya kilima na bonde ni kama 0.406 × (1−S)^0.25 × mabadiliko ya fezi (wimbi limecheleweshwa kiasi gani na sampuli), ambapo S ni sehemu ya mwanga inayopenya tundu sampuli ikiwa mbali na fokasi. Na unyeti wake si mchezo, kwenye ile kazi ya 1990 waliweza kuona mwale ukiharibika kwa λ/300 tu (λ ni urefu wa wimbi) kwenye bariamu floraidi.

Sasa ugumu unaanza pale watu wanapodhani urahisi wa vifaa ni urahisi wa namba. Kila kitu kwenye hesabu kinategemea ukali wa mwanga kwenye fokasi, na ukali unategemea kipenyo cha mwale kikiwa kwenye mraba, kwa hiyo ukikosea nusu-kipenyo kwa asilimia 10 ukali umeukosea kwa asilimia kama 20 na n2 inaenda nayo. Usikisie kipenyo kwa fomula ya lenzi eti kwa kuwa kampuni imeandika kwenye makaratasi mwale una umbo zuri. Chukua wembe mpya wa kunyolea, ule wa kawaida wa dukani, ubandike kwenye steji, usogeze ukate mwale polepole huku unasoma pawa mita, kisha tafuta umbali kutoka pale mwanga umebaki asilimia 90 hadi umebaki asilimia 10, gawanya kwa 1.28, hiyo ndo nusu-kipenyo yako. Rudia kwenye sehemu kadhaa kabla na baada ya fokasi. Kazi ya asubuhi moja, inachosha kwa kweli, ila ndo inayotofautisha namba ya kuaminika na namba ya kubahatisha.

Sampuli nayo iwe nyembamba kuliko umbali ambao mwale unabaki mwembamba pale fokasi, ule wa pai mara nusu-kipenyo mraba gawanya kwa urefu wa wimbi. Mfano nusu-kipenyo kikiwa maikromita 25 kwenye 532 nm unapata kama mm 3.7, kwa hiyo kuveti (kichupa cha kuwekea sampuli) ya mm 1 inafaa, ile ya sm 1 ya spektrofotomita haifai, na ndo inayochukuliwa na wengi kwa sababu ipo kabatini. Umbali wa kilima hadi bonde nao uwe kama mara 1.7 ya huo umbali, hapa kama mm 6. Ukiupata mkubwa au mdogo kuliko hivyo kwa mbali, grafu yako inakuambia kuna jambo jingine linaendelea ndani ya hiyo kuveti.

Na jambo jingine hilo mara nyingi ni joto. Hapa nitakaa kidogo maana panaudhi.

Kuna mtindo umeenea sana, unachukua leza ya kijani ya kuwaka mfululizo, isiyo na palsi, tuseme miliwati 50, unayeyusha rangi ya mmea, rosela au manjano au chochote, unafanya Z-skani, unapata kilima kisha bonde safi kabisa, unaandika n2 ni kama 10⁻¹² m²/W hasi na kwamba sampuli yako inaizidi kaboni disalfaidi mara laki kadhaa. Hebu tufanye hesabu. Kuveti ya mm 1 ya kaboni disalfaidi, nusu-kipenyo maikromita 25, unataka fezi ibadilike kwa radiani 0.5 hivi ili uone grafu nzuri: unahitaji ukali wa kama 1.4 × 10¹³ W/m². Kwa palsi ya pikosekunde 30 hiyo ni nishati ya karibu nusu ya maikrojuli, leza ya pikosekunde yenye amplifaya inakupa na chenji inabaki. Miliwati 50 za mfululizo kwenye fokasi hiyohiyo zinakupa kama 5 × 10⁷ W/m², yaani pungufu mara 280,000 hivi. Sasa kama kwa ukali huo mdogo umepata grafu yenye ukubwa uleule, hesabu itakulazimisha uandike n2 kubwa mara 280,000, hata kama elektroni za hiyo rangi hazijafanya lolote la ajabu. Kilichotokea ni kwamba rangi imefyonza mwanga, katikati ya mwale pamepata joto, kimiminika kimetanuka, namba ya kupinda imeshuka, na kwa vile joto kwenye vimiminika vingi linaishusha, ndo maana karibu kila mtu anapata hasi. Umepima lenzi ya joto.

Lenzi ya joto ni kipimo halali kabisa, watu wanaitumia kupata jinsi joto linavyosambaa kwenye kimiminika au kupima ufyonzaji mdogo sana. Tatizo ni kuiita n2 ya elektroni na kuiweka kwenye jedwali moja na vipimo vya femtosekunde (sehemu ya elfu ya pikosekunde). Kujua ni rahisi: weka kisu kinachozunguka kinachokata mwale, weka sampuli pale penye bonde au kilima, angalia osiloskopu. Mwitikio wa elektroni unafuata mwanga papo hapo, mstari unaruka na kukaa. Joto linapanda polepole, kwa nusu-kipenyo cha maikromita 25 kwenye kimiminika kama maji linachukua milisekunde 1 na kitu, utauona mstari unajipinda kabla haujatulia. Ukiona hivyo basi andika lenzi ya joto, hakuna aibu.

Na usidhani ukiwa na femtosekunde umepona. Leza ya femtosekunde inayotoa palsi milioni 80 kwa sekunde ina nanosekunde 12.5 tu kati ya palsi na palsi, wakati joto linahitaji hizo milisekunde kuondoka, kwa hiyo palsi zaidi ya elfu 80 zinarundika joto lao sehemu moja. Hapo unahitaji kupunguza idadi ya palsi, au utumie leza yenye amplifaya ya palsi 1,000 kwa sekunde, au angalau hicho kisu cha kuzunguka na usome maikrosekunde za mwanzo kabisa za kila mfunguko kabla joto halijajengeka. Nanosekunde, zile leza za Nd:YAG za 10 Hz (palsi 10 kwa sekunde) ambazo ndo zipo kwenye maabara nyingi, ziko katikati: joto la palsi moja linaisha kabla ya nyingine kuja, ila ndani ya palsi yenyewe ya nanosekunde 5 hadi 10 kuna muda wa molekuli kupanda daraja na kufyonza tena, na kimiminika kuanza kutanuka. Kwa kupima vikinga-mwanga, vitu kama fulerini C60 au fthalosianini ambavyo vinazidi kufyonza mwanga ukizidi, nanosekunde ni sawa kabisa na tena ndo inayotakiwa. Kwa n2 ya elektroni, hapana.

Sasa mbinu ya pili, miale miwili, kupindisha mwale. Hii imeshika kasi tangu 2013 kutoka kundi lilelile la Florida lililotoa Z-skani, Manuel Ferdinandus na wenzake. Mwale mkubwa wenye nguvu unapiga sampuli, mwale mdogo dhaifu unapita ubavuni mwake, pale ambapo ukali unashuka kwa kasi. Kwa sababu upande mmoja wa mwale mdogo unaona namba kubwa ya kupinda kuliko upande wa pili, unapinda kidogo kama umepita kwenye prizimu, na ditekta iliyogawanywa vipande inasoma tofauti ya kushoto na kulia. Halafu unachelewesha mwale mmoja kwa kusogeza kioo: maikromita 15 za kioo ni pikosekunde 0.1 maana mwanga unaenda na kurudi. Kwa hiyo unapata filamu nzima, ile elektroni inafanya papo hapo, ile molekuli inafanya ikijigeuza baadaye, kila moja unaiona kivyake. Ndo kwa njia hii 2014 Matthew Reichert na wenzake walionyesha kwamba n2 ya kaboni disalfaidi si namba moja, inakua karibu mara kumi ukitoka kwenye palsi fupi za chini ya femtosekunde 50 kwenda pikosekunde. Fikiria watu wangapi wamelinganisha sampuli yao ya femtosekunde na ile namba ya pikosekunde bila kujua.

Z-skani haiwezi kukuambia hilo kwa kipimo kimoja, inakupa jumla. Ndo tofauti kubwa kati ya hizi mbili: Z-skani inajibu "kiasi gani", miale miwili inajibu "kiasi gani, lini, na kwa sababu gani". Ukigeuza pia uelekeo wa mawimbi ya mwale mmoja unaweza kutenganisha elektroni na molekuli, kwani mwitikio wa elektroni mawimbi ya miale miwili yakiwa pembe mraba ni theluthi ya ule wa sambamba. Ila gharama yake si ya kitoto: femtosekunde lazima, njia ya kuchelewesha, ditekta ya vipande, amplifaya ya lokini (inayochuja ishara ndogo kwenye kelele), na hewa iliyotulia mezani maana mtu akifungua mlango mwale unatikisika na unaona kwenye data. Na kumbuka mwale mdogo unaona mabadiliko mara mbili ya yale ambayo mwale mkubwa unajifanyia wenyewe, ukisahau hiyo mbili kwenye hesabu namba zako hazitakutana na za Z-skani na utabaki unalaumu leza.

Miale minne nitaipita haraka kidogo, si kwa sababu ni mbaya, ila wanaoihitaji wanajijua. Miale mitatu inaingia, inakutana kwenye sampuli kwa wakati mmoja na nukta moja, wa nne unazaliwa na kutoka kwa uelekeo wake mwenyewe. Uzuri ni kwamba ditekta inakaa mahali pa giza, ishara ndogo inaonekana, na kwa filamu nyembamba zilizo laini ni nzuri sana. Ubaya, ishara inafuata mraba wa χ³ (namba ya daraja la tatu inayobeba n2 na beta kwa pamoja), kwa hiyo alama ya jumlisha au toa inapotea, na kupinda kunachanganyika na kufyonza. Lazima ulinganishe na kaboni disalfaidi au silika ili upate namba. Na kwa vile ishara inapanda kwa mchemraba wa nishati, leza isiyotulia, inayoyumba asilimia 5, inakupa ishara inayoyumba asilimia 15. Kama una swali la "n2 ni chanya au hasi" usiguse hii.

Kwa filamu mbovu, zile zilizotandazwa kwa mkono zenye vinundu, hakuna mbinu itakayokuokoa. Kwenye Z-skani ukisogeza filamu fokasi inagonga nundu hii na ile, grafu inajaa vilima vya uongo. Dawa ni kupima kwanza kwa nishati ndogo sana ambapo hakuna nonlinia yoyote, halafu unatoa hiyo grafu kwenye ile ya nishati kubwa. Ikiwa baada ya kutoa bado ni fujo, rudi kwenye kutengeneza filamu, leza haina kosa.

Halafu wapo ambao kumbe hawahitaji n2 kabisa. Mtu ana kristali mpya ya kikaboni, anataka kujua kama inaweza kugeuza infraredi kuwa kijani, huyo ni daraja la pili, na Z-skani si pa kuanzia. Huyo aende kwenye mbinu ya unga ya Kurtz na Perry ya 1968: saga kristali, chekecha upate saizi tofauti za punje, weka kati ya vioo viwili, piga kwa Nd:YAG ya nanosekunde ya 1064 nm, kijani cha 532 kinatoka, unalinganisha na unga wa KDP au urea (kristali zinazojulikana) wa saizi ileile. Saizi ileile nasisitiza, maana kijani kinabadilika na saizi ya punje, na jinsi kinavyobadilika ndo kinakuambia kama mawimbi mawili yanaenda pamoja ndani ya kristali au yanaachana. Leo hicho kijani unakiona kwa macho, wakati Peter Franken na wenzake Michigan 1961, mara ya kwanza kabisa, walitumia leza ya rubi ya 694 nm na kupata kidoa kidogo sana cha 347 nm kwenye bamba la picha, kidogo kiasi kwamba picha ilipochapishwa kidoa hakipo, inasemekana kiwandani walidhani ni uchafu wakakifuta, mshale umebaki unaonyesha patupu. Unga unakupa cheo tu, "mara ngapi ya urea", ukitaka namba kamili ukuze kristali moja kubwa ukaizungushe kwenye mwale usome mawimbi ya Maker (kijani kinavyopanda na kushuka unapoizungusha), njia ya tangu 1962, ukilinganisha na kwatzi.

Angalizo moja kwa wenye kristali za daraja la pili wanaotaka kuzipeleka kwenye Z-skani: mwanga unaweza kugeuka kijani na kurudi tena infraredi ndani ya kristali, na safari hiyo inaleta mabadiliko ya fezi yanayofanana na n2 halisi. Ilionyeshwa kwenye kristali ya KTP 1992. Ukigeuza pembe ya kristali kidogo hiyo "n2" inageuka kutoka chanya hadi hasi, ndo utaijua.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi. Una nanosekunde ya 10 Hz tu: fanya Z-skani bila tundu, beta na vikinga-mwanga, au unga kama una kristali, n2 iache au iseme kwa tahadhari. Una pikosekunde: Z-skani kamili, hapa ndo nyumbani kwake, wala usihangaike na nyingine. Una femtosekunde na mtu mmoja wa kusaidia: Z-skani kwanza, miale miwili mwaka unaofuata meza ikishatulia. Una leza ya mfululizo: lenzi ya joto, andika hivyo kwenye kichwa cha kazi. Hakuna chochote cha maana mezani: tafuta ushirikiano, African Laser Centre ipo tangu 2003 kwa ajili hiyo hiyo ikiwa na mizizi Pretoria, Cairo kuna taasisi ya leza ya chuo kikuu, na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, wana mafunzo ya optiki kila mwaka ambayo watu wa kwetu wanakwenda.

Ukifika kwenye maabara ya watu usiende na chupa ya rangi tu. Nenda na grafu ya ufyonzaji kuanzia 300 hadi 1100 nm, maana bila hiyo hakuna atakayejua urefu wa wimbi upi ni salama, nenda na unene wa sampuli, kipimo cha uzito kwa lita, na kuveti yenye kiyeyushio kitupu cha kulinganishia. Kama watakuambia watalinganisha kwa kaboni disalfaidi iwe ndani ya kabati la hewa, inachemka kwa nyuzi 46 na inashika moto yenyewe kwa kama nyuzi 90 tu, sumu pia. Kwa femtosekunde omba silika, ni kipande cha kioo, hakimwagiki.

Na ukiandika matokeo, weka urefu wa palsi, idadi ya palsi kwa sekunde, nusu-kipenyo na ulikipimaje, nishati, S, unene. 2023 Nathalie Vermeulen na timu kubwa walitoa majedwali ya vipimo vya tangu 2000 walivyovichagua, na kigezo kimoja kilikuwa hicho hicho, mwandishi awe ameeleza kipimo chake vya kutosha.